Kipindi Tulichokitazama kwa Masikio

Enzi zetu televisheni ya Stockholm ilikuwa na chaneli mbili, na zote mbili zilikuwa na adabu. Jioni, kabla ya taarifa ya habari, watoto tulipewa muda wetu mfupi: mtu mzima mwenye sweta anapiga gitaa, kisha anatueleza kwa upole kwamba maji yakichemka huwa mvuke na kwamba wafanyakazi wa kiwandani nao wana haki zao. Halafu basi. Ukitaka zaidi, subiri kesho. Hakukuwa na kurudisha nyuma wala kuruka mbele, na ukienda msalani ukakosa mwisho wa hadithi, mwisho huo ulikuwa umekwenda zake, mtakutana ahera. Nikiwaeleza wajukuu zangu haya wananitazama kwa huruma, kama ninayewasimulia habari za njaa.

Lakini kipindi nilichokipenda kuliko vyote hakikuwa kwenye chaneli hizo. Kilikuwa cha Ireland, hakikufika Sweden, na utotoni mwangu sikukiona hata siku moja. Pamoja na hayo, nilikijua kwa moyo kama dua ya kulala.

Tulikaa Sundbyberg, nje kidogo ya jiji, katika ghorofa la matofali ya manjano. Tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, ilikuwa bado haijafika huko; tulipanda treni ya abiria, na majira ya baridi tuliingojea huku tumejifunga vitambaa mpaka puani. Baba alikuja kusomea mitambo ya umeme, akamaliza, akapata kazi, akawa kila mwaka anasema mwakani tunarudi Tanzania. Mama alisafisha wodi mchana na kusoma uuguzi jioni. Ugali wetu ulikuwa wa semolina, mchicha ulitoka kwenye friza ukiwa mgumu kama tofali, na pilau ilipikwa pale tu mtu alipotoka nyumbani na karafuu mfukoni. Pipi zilikuwa za Jumamosi. Hiyo ilikuwa sheria ya Wasweden, na Baba, ambaye sheria nyingine zote za Wasweden alizijadili, hiyo aliipokea bila kuuliza swali.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa familia kutoka Ireland. Mama wa familia hiyo tulimwita Mama Orla, kama desturi inavyotaka, naye akadhani ndivyo Waafrika wanavyosema "bibi mheshimiwa", akafurahi. Orla mwenyewe alikuwa rika langu, msichana wa nywele nyekundu kama kutu na magoti yenye makovu. Yeye na mimi tulizungumza Kisweden, lugha ambayo haikuwa ya mama yake wala ya mama yangu, na ndiyo maana ilitufaa sana kwa siri.

Orla ndiye aliyetuletea kipindi. Kilihusu gari la mbao la kukokotwa na farasi, la aina wanayolala ndani yake watu wa kuhamahama wa kwao, lenye paa la mviringo na rangi nyingi kama kanga mpya. Humo waliishi watu wazima wachache pamoja na vikaragosi, wale wanasesere wa kuvaa mkononi, wanyama wenye maneno mengi kuliko wenye nyumba. Likitamkiwa neno la uchawi, gari liliinuka, farasi na yote, likapita juu ya mawingu na kutua katika nchi za majitu na wafalme wa zamani. Mtu anaokolewa, jitu linaaibishwa, wanarudi nyumbani kunywa chai.

Haya yote alitusimulia katika chumba cha kufulia cha jengo letu, kule chini, mahali pekee palipokuwa na joto la kweli. Mashine zilinguruma, madirisha yalikuwa na jasho, na bibi mmoja wa ghorofa ya nne alikuwa akichungulia kuhakikisha hatuguswi na furaha kupita kiasi. Mimi nilikaa juu ya benchi. Mdogo wangu Saidi, aliyekuwa na miaka sita, alikaa ndani ya kapu la nguo. Orla alisimama, maana alikuwa akiigiza wote: farasi, jitu, hata mlango wa gari ulivyolia. Kila Krismasi alikwenda kwa bibi yake Ireland kwa wiki mbili, akarudi na vipindi vya kutusimulia mpaka majani yanapochipua. Hesabu haikukaa sawa, lakini hakuna aliyekwenda kuhesabu.

Sasa nieleze habari ya Baba na Kiswahili.

Siku zile Serikali ya Sweden ilikuwa haijaanza kuwafundisha watoto lugha za nyumbani kwao. Baba hakuisubiri, alijiteua waziri. Nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa cha lazima, na si Kiswahili cha kuokoteza, bali cha kunyooka, chenye ngeli zake zote. Mimi nilikuja nikiwa nimekomaa kidogo, kwa hiyo nilipona. Saidi alikuja akiwa bado ananyonya kidole, na lugha iliyomkuta mlangoni ilikuwa Kisweden. Alikuwa akirudi kutoka shule ya awali na jambo moto mdomoni.

"Baba, leo mwalimu amesoma kitabu yangu."

"Changu."

"Kitabu changu. Halafu imeanguka—"

"Kimeanguka."

"Kimeanguka kwa maji, halafu watoto wote wakaanza, wakaanza..."

Na hapo Saidi alinyamaza. Hatukujua watoto wale walianza nini, na mpaka leo hatujui. Taratibu akaacha kuleta habari. Akaanza kumjibu Baba kwa Kisweden, kwanza mara mojamoja, kisha kila mara. Kwa Kisweden Baba hakuweza kumsahihisha, kwa sababu cha Baba mwenyewe kilikuwa cha kiwandani, kimejaa majina ya nyaya na swichi. Mwishowe mtoto akawa hatoi neno la Kiswahili, hata la kuomba maji. Alielewa yote. Hakujibu tu.

Baba aliliona hilo kama msiba. Nakumbuka alivyolitangaza mezani, siku moja ya Novemba, giza limeshaingia saa tisa alasiri kama kawaida ya nchi hii.

"Saidi atakwenda Kondoa kwa Bibi," alisema. "Kuna familia inarudi nyumbani mwezi wa kwanza, watasafiri naye. Mwaka mmoja, au miwili. Ulimi ukinyooka atarudi."

Mama aliweka kijiko chini. "Ulimi hauna mfupa, Baba Rehema. Lakini ukiupinda kwa nguvu nao unavunjika."

"Ndiyo maana unapelekwa kwa fundi," Baba akasema, na akaendelea kula. Bibi ni mama yake. Nadhani Baba mwenyewe angependa kupelekwa.

Kesho yake, kwenye chumba cha kufulia, Saidi hakutaka hadithi. Alikuwa na swali kwa Orla.

"Gari lenu linafika Kondoa?"

"Linafika kote," Orla akasema.

"Na linarudi?"

Orla alinitazama. "Linarudi," akasema. "Kabla ya chai."

Saidi aliingia kapuni na kujifunika taulo. Mimi na Orla tukabaki tunatazama nguo za watu zikizunguka kwenye mashine. Hatukuwa na mpango wowote wa kumwokoa; msije mkadhani tulikuwa watoto wa kwenye hadithi. Tulitaka tu kumchangamsha. Orla akasema tutengeneze gari.

Desemba ile watu wetu walikuwa na karamu katika ukumbi mdogo wa wapangaji, chini ya jengo letu. Watanzania, Wakenya, mama mmoja wa Kongo aliyetia Kifaransa katika kila sentensi kama chumvi. Watoto kwa kawaida walitakiwa waimbe wimbo mmoja, wapigiwe makofi, wapotee. Nilimwomba Mama ruhusa tuonyeshe mchezo wa vikaragosi badala yake. Mama akakubali, kwa sharti mchezo uwe wa Kiswahili.

Gari tulilipata kwenye chumba cha kutupia vyombo vikubwa: kigari cha mtoto kilichobaki magurudumu. Juu yake tulifunga boksi la jokofu, tukalikata madirisha, tukalipaka rangi zote alizokuwa nazo Orla. Vikaragosi vilikuwa soksi. Orla alitengeneza farasi na jitu. Mimi nilitaka fisi, mnyama asiyekuwamo katika kipindi cha Ireland, na Orla akauliza fisi ni nini. Nikamwambia ni mbwa mwenye tabia za mjomba asiyealikwa. Alielewa mara moja; kwao pia walikuwapo. Soksi ya kahawia tuliichukua kwa Baba, ya sufu nzito, tukaishonea vifungo viwe macho.

Saidi alipewa fisi kwa sababu moja tu: yeye ndiye aliyeenea ndani ya boksi. Kazi yake ilikuwa kutoa mkono dirishani na kucheka. Maneno yote ningesema mimi, isipokuwa moja la Orla, ambalo alifundishwa na Anko Mutua. Huyu alikuwa rafiki wa Baba, Mkenya wa Machakos aliyesomea misitu na kukaa Upplands Väsby, na ubishi wao juu ya Kiswahili ndio uliokuwa burudani ya kila Jumapili nyumbani kwetu.

Siku ikafika. Ukumbi ulinukia iliki na makoti yenye unyevu. Watu walikuwa wamekwisha kula, wamelegea. Tukalisukuma gari katikati, na Orla akatangaza kwa sauti kubwa, "Gari iko tayari."

Kutoka nyuma tukamsikia Baba akigugumia, "Li tayari." Na Anko Mutua akamjibu, "Iko, na inaenda."

Mchezo ulikwenda kama tulivyopanga. Gari likapaa, likalipita jitu, likapotea njia kwa sababu ya theluji, likatua porini karibu na Kondoa. Fisi akajitokeza. Nami nikasema, kama ilivyoandaliwa, "Fisi, tuonyeshe njia ya kurudi Sundbyberg."

Ilipasa acheke. Hakucheka. Soksi ilikaa kimya dirishani, ikigeuka kushoto na kulia kama inayopima watu. Kisha ndani ya boksi ikatoka sauti nyembamba, ya mzee, yenye mikwaruzo, ambayo mimi, Mama na Baba tuliitambua papo hapo. Ilikuwa ya Bibi, ile tuliyoizoea kwenye kanda alizotutumia kutoka Kondoa.

"Mwaniuliza njia, hata hodi hamkupiga?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mama hakucheka, alishika mkono wa kiti. Anko Mutua, mtu aliyejua wakati wa kusaidia, akainuka kidogo akasema, "Hodi, Mzee Fisi."

"Karibu. Ninyi wa wapi, mbona huyu amepauka?"

Orla akasogea nyuma, bila kujua anasemwa yeye.

"Tunatoka Sweden," nikasema.

"Sweden," fisi akasema. "Huko ndiko anakokaa Baba Saidi. Nimesikia anataka kuleta mtoto wake huku. Mwambieni asimlete. Huku nafasi hakuna, fisi tumejaa. Na mtoto ana kitanda yake."

Sasa hakuna aliyecheka. Mama wa Kongo alishusha kikombe. Baba alikuwa amesimama nyuma na sahani mkononi, na naamini, kwa jinsi uso wake ulivyokuwa, kwamba alitaka kusema jambo jema. Lakini ulimi una mazoea yake.

"Chake," Baba akasema.

Soksi ikamgeukia. Ikafunga mdomo, ikarudi ndani ya boksi polepole, na haikutoka tena. Nilimalizia mchezo peke yangu, nikalirudisha gari Sundbyberg kwa haraka kuliko lilivyoondoka. Watu walipiga makofi ya huruma. Anko Mutua alimwendea Baba, wala hakupunguza sauti.

"Ndugu yangu, umemkata mtoto kauli kwa sababu ya kitanda."

Siku mbili tatu Baba hakubishana na mtu, hata redio aliiacha ikikosea.

Halafu jioni moja nilipotandika meza nikakuta soksi ya kahawia imewekwa kando ya sahani ya Saidi. Si Mama aliyeiweka, wala si mimi. Saidi aliitazama, akala. Baba akala. Mwishowe Baba akakohoa kidogo, akasema, macho yake kwenye ile soksi, "Bwana Fisi, habari za Kondoa?"

Saidi alipangusa mkono, akaivaa.

"Nzuri," fisi akasema. "Mvua amenyesha."

Nilimwona Baba akichukua tonge kubwa la ugali na kulitia mdomoni. Akatafuna. "Vizuri," akasema alipoweza. "Na mifugo?"

"Ng'ombe yetu iko mgonjwa, lakini atapona."

Tonge jingine.

Hivyo ndivyo tulivyoishi majira yale yote ya baridi. Mhandisi wa umeme, mtu wa suti na stashahada ukutani, alikula chakula chake cha jioni akizungumza na soksi yake mwenyewe. Makosa ya Saidi tuliyajua kwa matonge ya Baba. Alinenepa mwaka ule, na Mama alisema ni ngeli hizo. Siku moja Baba alipata ujasiri wa kuuliza lililokuwa likimkera. "Bwana Fisi, kwa nini Saidi hataki kuongea na baba yake?"

Fisi alifikiri. "Saidi anasema, ukimsahihisha neno, anasahau alichotaka kusema."

Baba hakula tonge. Aliinuka akaenda kusimama dirishani, ingawa nje palikuwa na giza tupu, hapakuwa na cha kutazama.

Ile familia ilirudi nyumbani mwezi wa kwanza bila Saidi. Hakuna aliyetangaza kwamba safari imevunjwa. Mama alitoa tu nguo zake kwenye sanduku, akalijaza mablanketi ya wageni. Soksi nayo ilitoboka kwa kazi. Kufika kiangazi Saidi alikuwa anaongea bila kuivaa, na siwezi kusema ni siku gani ilianza. Lakini msitegemee niwaambie kwamba alikuja kuwa mshairi. Ni mzee mwenye upara, ana kampuni ndogo ya mabomba, na hadi leo anasema "kitanda yake". Baba aliishi naye nyumba moja miaka yake ya mwisho, na walikuwa wakiongea mpaka mke wa Saidi na mume wangu wakachoka kusikiliza.

Orla alirudi kwao tulipofika umri wa ujana. Tukapotezana, kama watu wa enzi zile walivyojua kupotezana kikamilifu, bila picha wala salamu za sikukuu. Miaka michache iliyopita tukapatana tena kwa njia ya simu, wanawake wawili wenye miwani. Nilikuwa nimeona vipande vya kile kipindi kwenye mtandao. Gari ni lile kweli, rangi zipo, vikaragosi vipo. Lakini hadithi zake sikuitambua hata moja. Nikamuuliza mzee mwenzangu ilikuwaje.

"Kwa bibi hakukuwa na televisheni," Orla akasema, Kisweden chake kikiwa bado na matope ya Sundbyberg. "Ilikuwa kwa jirani, na jirani na bibi walikuwa wamekosana. Nilisimama nje dirishani. Nilikuwa naona picha, sisikii kitu."

"Kwa hiyo maneno yote?"

"Ningefanyaje, Rehema? Wewe na mdogo wako mlikuwa mnasubiri."

Tulicheka mpaka simu ikaniteleza. Baadaye, nikiwa peke yangu, nilifungua tena vile vipande nikavitazama. Ni vizuri, siwaonei wivu watoto wa Ireland walioviona. Lakini vilikuwa na dosari moja: viliisha.

Wajukuu zangu hawana shida hiyo. Kipindi kimoja kikiisha kingine kinaanza chenyewe, bila hata kuombwa, kama mgeni asiyejua saa. Wana chaneli za kujaza bahari, na ukiwauliza jana walitazama nini wanakunja uso kama mtu anayetafuta funguo. Pipi ni za kila siku iliyo na jina. Na Kiswahili, jamani. Enzi zetu mzazi aliweza kutaka kukupandisha ndege kwa ajili ya ngeli. Siku hizi mjukuu akinijibu "asante" moja, hiyo tu, meza nzima inapiga makofi kana kwamba amehitimu udaktari, na mama yake anarekodi kwa simu. Mengine yote ni Kisweden. Sisemi kitu, nimejifunza. Ila Jumapili wakija, wakishavua viatu na kujitupa kwenye makochi, kila mmoja na mwanga wake usoni, mimi binti wa mtu wa ngeli hukaa katikati yao nikitamani jambo dogo tu: angalau mmoja wao anikosee sentensi nzima.